Stesheni Ambayo Redio Haikuikamata

Dada yangu hospitalini wanamwita Redio, na jina hilo halikutokana na umbea, ingawa umbea nao anao wa kutosha. Walimpa kwa sababu ya lugha. Ameajiriwa kufagia na kupiga deki wodi ya wagonjwa wa ndani, lakini ukienda kumtafuta saa za kazi utakuta ndoo yake imesimama peke yake kwenye korido na fimbo ya deki imeegemezwa ukutani. Mwenyewe yuko kando ya kitanda cha mtu, daktari upande huu, mgonjwa upande ule, yeye katikati akigeuza maneno.

Hakuna lugha aliyoisomea. Ya baba yetu tulizaliwa nayo. Kiswahili tulikipata mtaani na shuleni. Ya mama mkwe wake aliipata kwa kusengenywa, maana mama mkwe huyo alikuwa akimsema kwa mawifi zake mbele yake, akidhani mkwe haelewi kitu, na dada akaamua kuelewa. Ya wabeba mizigo wa stendi alijifunza alipokuwa akiuza chai pale, na hiyo imejaa matusi kiasi kwamba akiitumia wodini inabidi aichuje kwanza. Ya wauza nguo wa ng'ambo ya mpaka inamtosha kununua na kukataa bei. Ukimwuliza kwa lugha hiyo habari za moyo, anakwama. Kiingereza anakielewa pale tu daktari anapomwambia daktari mwenzake jambo asilotaka mgonjwa alisikie. Kukizungumza hawezi hata kwa dawa. Na kusoma? Akishika gazeti la Kiswahili, kidole kinatangulia, midomo inafuata, na ukurasa mmoja unamchosha kuliko wodi nzima.

Mimi ni kinyume chake. Ni mchora mabango. Mteja akinipa maneno kwenye kipande cha karatasi, nayahamishia ukutani kwa rangi bila kuuliza ni lugha gani. Nimeshaandika lugha ambazo sijawahi kumsikia mtu akizizungumza. Kuna duka la dawa ambalo dirisha lake nililipamba kwa herufi nyekundu nzuri sana, na mpaka leo sijui kama zinasema karibu au zinasema hakuna mkopo. Dada huniambia kwamba mimi ni mkono usio na masikio. Namjibu kwamba yeye ni mdomo usio na macho. Mama yetu alizoea kutusikiliza tukitupiana maneno hayo, kisha anasema kwamba kama tungeunganishwa, angalau angepata mtoto mmoja kamili.

Nimesema dada hugeuza maneno. Sikusema huyageuza vipi. Ana utaratibu wake wa kazi, na kwa miaka mingi utaratibu huo ulikuwa chanzo cha mimi kumcheka. Hayapeleki maneno yakiwa ya moto. Anayapoza kwanza, kama mtu anavyomimina chai kwenye kisahani. Daktari akisema ini limekwisha, dada anamwambia mgonjwa kwamba ini limechoka. Mgonjwa akisema daktari huyu ni mtoto mdogo asiyejua kitu, dada anamwambia daktari kwamba mzee anauliza kama kuna mkubwa wako. Na panapokuwa pagumu kabisa, ana sentensi yake moja ya akiba, na wodi nzima inaijua: "Anasema anashukuru."

Nilishuhudia mwenyewe siku moja nilipokuwa nikipaka rangi mishale ya korido. Mzee mmoja aliwaporomoshea wanawe maneno mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wanawe walikuwa wamezaliwa mjini, lugha ya baba yao hawaijui hata salamu, kwa hiyo wakamgeukia dada. Dada alitazama viganja vyake, akavifuta kwenye aproni, akasema, "Anasema anashukuru. Anawaombea heri." Vijana wakatoka wakiwa wamefarijika.

Nilimfuata kwenye ndoo yake. "Yule mzee alisema nini?"

"Alisema angejua, angefuga mbwa."

"Dada, huo si ukalimani. Huo ni upishi."

"Wewe ungewaambia?" akaniuliza. "Mtu anakufa kesho, uwaambie watoto wake bora mbwa kuliko wao?"

Nilicheka tu, nikarudi kwenye mishale yangu.

Sasa nieleze habari za mama. Mama aliolewa mbali na kwao. Baba alimkuta huko alikokwenda kufanya kazi ya barabara, akamleta kwa watu wake, na watu wa baba wakamcheka. Walimcheka matamshi, wakamcheka jina la kila kitu alichokitaja, wakawa wanamwiga kisimani mpaka watoto nao wakajua kumwiga. Mama akajifunza lugha yao haraka kuliko walivyotarajia, akajifunza na Kiswahili, na ile ya kwao akaifungia. Sisi hatukufundishwa hata neno. Tulikuwa na yale machache tu yaliyomponyoka tulipokuwa wachanga au tulipougua: njoo, kula, lala, usilie. Hayo manne.

Siku moja tu ndiyo tulimsikia akiizungumza kwa kirefu. Alipita mwanamke akiuza vifagio mlango kwa mlango, akasema neno fulani kwa kujisemea tu alipojikwaa kizingitini, na mama akatoka jikoni kama aliyeitwa. Walisimama pale mlangoni wakaongea mpaka mboga ikaungua. Mama alicheka. Mimi na dada tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukimtazama, na kwa kweli tuliona wivu, kwa sababu kicheko kile hatukukijua. Kilikuwa cha msichana. Mwanamke alipoondoka, mama alirudi jikoni akawa mama yetu tena, akatugombeza kwa nini hatukuepua sufuria.

Dada alimwomba amfundishe. Namkumbuka amesimama kando ya jiko akimsihi. "Itakusaidia nini?" mama alimwambia. "Nani utazungumza naye?"

Mama alizeeka akiwa kwa dada, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha linaloangalia kamba ya kuanikia nguo. Mume wa dada alikwishafariki, watoto wake wameolewa, kwa hiyo walibaki wawili. Mimi naishi mtaa wa pili. Asubuhi moja dada alimpelekea chai akamkuta ameanguka kati ya kitanda na ukuta, mdomo umekwenda upande. Kiharusi.

Alilazwa wodi ile ile anayofanya kazi dada. Siku za kwanza hakusema kitu. Kisha akafungua macho, akasema. Alisema vizuri tu, ulimi ulikuwa mzito kidogo, lakini maneno yalikuja, tena mengi. Hatukuelewa hata moja.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimjaribu kwa Kiswahili, mama akamtazama mdomo. Dada akamjaribu kwa lugha ya baba, lugha aliyoizungumza mama kwa muda mrefu kuliko umri wetu, na mama akamtazama hivyo hivyo, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. Daktari akatueleza kwamba hutokea hivyo mara nyingine, ubongo ukiumia, zile lugha zilizokuja baadaye zinapotea na ile ya kwanza inabaki. Halafu kwa mazoea tu, bila nia mbaya, akamgeukia dada kama anavyomgeukia siku zote.

"Redio, anasemaje?"

Wodi nzima ilikuwa ikimsubiri ajibu. Wauguzi, wagonjwa wa vitanda vya jirani, hata mwanamke aliyekuja kuchukua mashuka. Dada alifungua mdomo akaufunga.

Tulipomrudisha nyumbani, mama alikuwa na sentensi moja anayoirudia. Mengine aliyasema mara moja akayaacha, lakini hii aliisema kila dada alipomketisha kumlisha uji, na kila mimi nilipoingia, na kila jua lilipofika kwenye dirisha lake. Ilianza chini, ikapanda, ikaishia kama swali. Akimaliza anasubiri. Jicho lake moja lilikuwa limelegea, lile lingine linakutazama wewe, linasubiri ujibu. Ukikaa kimya, anaisema tena polepole zaidi, kama unavyomsemesha mtoto mzito wa kuelewa.

Tukaanza kubahatisha. Tulimletea maji, akatikisa kichwa. Blanketi, akatikisa. Tulimfungulia dirisha, tukalifunga, tukamgeuza upande wa pili. Tulimletea picha ya baba, kioo, sanduku lake la nguo, viatu vyake. Tulikuwa tunaingia na kutoka chumbani kama wachuuzi, kila mmoja na bidhaa yake mkononi, na mama anakataa moja moja. Siku nyingine alikasirika akapiga godoro kwa mkono ule mzima. Siku nyingine alilia. Dada akamwambia yale maneno aliyokuwa nayo: usilie, lala. Mama akanyamaza kwa mshangao, akamtazama, akaanza kumwaga maneno kwa haraka, kwa furaha, akidhani mlango umefunguka. Dada akabaki anarudia tu, lala, kula, njoo. Lugha zote zile za kugombana na soko zima, na kwa mama yake alikuwa na maneno manne ya kumbembelezea mtoto mchanga.

Nilimkasirikia mama. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama uani, brashi mkononi, nikajiuliza ni mtu gani anaficha lugha yake kwa watoto wake kama anaficha sukari. Halafu nikaingia ndani, nikamwona jinsi alivyo mdogo kwenye kile kitanda, hasira ikaniisha ikabaki aibu.

Dada akaanza kutafuta. Aliuliza wodini, akauliza stendi, akauliza wauza vifagio wote wa mji, nao wote walikuwa wa makabila mengine. Kwanza tulimpata mhubiri mmoja aliyekuwa na kitabu kitakatifu kilichochapishwa kwa lugha hiyo. Alikuja na suti, akakaa kando ya kitanda, akasoma. Alisoma kwa sauti nzuri, hakukwama hata mahali pamoja. Mama aligeuza kichwa. Alisikiliza, midomo yake ikawa inamfuata, na mara mbili alimrekebisha neno. Kisha akamwambia ile sentensi yake.

"Amina," akasema mhubiri.

Mama akairudia.

"Amina, mama. Amina."

Nilimwomba tutoke nje. "Mchungaji, amesema nini?"

Akakifunga kitabu chake taratibu. "Ndugu yangu, mimi nasoma tu. Herufi ni zile zile. Maana yake siijui, niliachiwa kitabu na mtangulizi wangu." Nilitaka kumfokea, kisha nikalikumbuka lile dirisha la duka la dawa. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Baadaye sana, wakati mama ameanza kukataa uji, mbeba mizigo mmoja alimwambia dada kwamba yule fundi funguo mwenye kibanda cha bati nyuma ya stendi ni mtu wa huko. Tulikwenda wote wawili. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, anakata ufunguo kwa tupa. Dada akamweleza, kisha akamtamkia ile sentensi. Alikuwa ameikariri kwa kuisikia, kama mtu anavyokariri wimbo asioujua maneno.

Mzee aliacha tupa. "Sema tena."

Dada akasema tena.

"Kuna kitu hapo," akasema, "lakini unavyoitamka wewe, binti yangu, sikupati. Nipelekeni nimsikie mwenyewe."

Alikuja Jumapili, amevaa shati safi lililopigwa pasi. Aliinama mlangoni, akasalimu kwa lugha ile. Sitaisahau sura ya mama. Alijiinua kwa kiwiko, yeye ambaye tulikuwa tunamgeuza kwa shuka, akaitikia, na salamu zikawa ndefu, za kupokezana, huyu anasema, yule anaitikia. Akacheka. Mdomo uliopinda ukacheka kile kicheko cha mlangoni, cha siku ya mboga kuungua. Dada aliniminya mkono mpaka ukaniuma.

Mama aliongea. Aliongea mpaka jua likahama dirishani. Mzee alikaa kwenye kigoda, kichwa ameinamisha, akiitikia kila anapovuta pumzi. Ile sentensi ilipita mara nyingi, tukawa tunaitambua inapopita, kama mtu unayemjua katikati ya watu wengi. Mwisho mama alimshika mkono, akamwambia kitu, akatuonyesha sisi kwa kidevu. Mzee akamjibu. Mama akalala chali, akafumba macho, uso umetulia.

Tulimkaribisha mzee sebuleni. Dada hakukaa. "Mzee wangu, amesema nini?"

Mzee alitoa kitambaa akaanza kufuta vidole vyake, kimoja kimoja, na vidole vilikuwa safi. "Anasema anashukuru," akasema. "Anawashukuru sana. Amewabariki."

Mimi nilipumua. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha, mjinga mimi. Nilimgeukia dada, nikakuta anatazama kile kitambaa.

"Saa zote zile," akasema dada, "anashukuru tu?"

"Wazee huzungusha maneno, binti yangu."

Akanywa chai yake haraka, akaaga. Dada alibaki amesimama. "Huyu ananipoza," akaniambia. "Hiyo sentensi ni yangu. Naitoa mimi hiyo."

"Labda kweli anashukuru."

"Labda," akasema, akakusanya vikombe.

Kesho yake alipompelekea uji, mama hakuisema ile sentensi. Wala hakuisema nilipoingia mchana. Alikuwa ametulia, anatutazama, na kila tulipofanya jambo, hata kusogeza kiti tu, jicho lake linafuata mikono yetu. Kwanza tulidhani amepona roho. Ilituchukua muda kuelewa, na aliyeelewa ni dada. Aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Anasubiri," akasema. "Anadhani tumeambiwa."

Kwa mama, jambo lilikuwa limekwisha. Amelisema kwa mtu aliyemwelewa, mtu huyo ameahidi kulifikisha, ametoka nje na kutuambia kwa lugha yetu. Kilichobaki ni sisi kulifanya. Na sisi tunaingia na kutoka, tunamletea uji, tunamkunjia shuka, tunamtabasamia.

Tulikwenda kibandani siku ile ile. Dada hakusalimu hata kidogo, na hilo si kawaida yake. "Mzee, mimi kazi hiyo naifanya hospitalini. Kama alitulaani, niambie. Kama alisema sisi si watoto wake, niambie. Nitabeba."

Mzee alivua miwani. Alimpa mteja aliyekuwa akisubiri ufunguo wake, akamngoja aondoke.

"Binti yangu, laiti ningekuwa nimeficha," akasema. "Niliondoka kwetu nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Lugha niliyonayo mimi ni ya mbuzi na ya michezo. Salamu nazijua, kwa sababu tulichapwa tukikosea salamu. Mama yenu anazungumza ya watu wazima. Alipoanza nilipata, njoo, nyumba, mwanangu. Halafu akaenda, akaniacha."

"Lakini ulikuwa unaitikia."

"Ningefanyaje? Kwetu mzee akisema unaitikia. Na alivyokuwa na furaha. Kila nikitaka kumwambia sielewi, naona nitamnyang'anya." Akafuta macho kwa kile kitambaa. "Mwisho aliniambia niwaambie. Hilo nililielewa. Nikamwambia nitawaambia."

"Utuambie nini?"

"Hapo ndipo sikuelewa."

Dada alishika ukingo wa meza ya funguo. Mimi nikauliza kama hakupata chochote, hata neno moja la ile sentensi. Mlango, akasema mzee. Neno mlango limo, na jingine kama kabla.

"Kabla ya nini?"

"Sikupata."

Tulirudi nyumbani tukafungua mlango wa chumba. Tukafungua wa mbele, tukafungua na wa uani. Mama aliutazama mlango, akatutazama sisi, akarudisha jicho lake dirishani. Nilimbeba nikamweka kwenye kiti kizingitini, nusu ndani nusu nje, nikidhani labda anataka kukaa pale. Alikaa kwa subira kama abiria. Tulipomrudisha kitandani hakupinga.

Mzee wa funguo alikuja tena, tulimsihi aje. Tulitaka amwambie kitu kimoja tu, kwamba yeye hakuelewa, kwamba sisi hatujui, kwamba mama aseme upya kwa maneno mepesi kama ya mtoto wa kuchunga mbuzi. Alipiga magoti kando ya kitanda akamwambia. Sijui alimwambia vizuri kiasi gani. Mama alikuwa amegeukia ukuta. Hakumjibu, wala hakugeuka, na tangu hapo hakusema tena kwa lugha yoyote. Hatujui kama alisikia. Tunachojua ni kwamba alisubiri, kisha akaacha kusubiri, na kuacha kwake tulikuona. Chakula alikipokea, mkono alitupa tuushike, lakini lile jicho halikutufuata tena.

Alikufa mchana, dada akimbadilishia foronya.

Baada ya msiba dada aliniomba niiandike ile sentensi, kabla haijamtoka. Nilichukua ubao na rangi nyeusi, akawa anatamka, mimi naandika kwa sauti ninavyosikia. Nilimsomea. Akasema sivyo. Akatamka tena, nikafuta nikaandika tena, nikamsomea, akasema hiyo pia sivyo. Tulipofika mara sijui ya ngapi alinyamaza katikati. Hakuwa na hakika tena yeye mwenyewe. Ubao ule uko uani kwangu, nimeugeuzia uso ukutani. Sina moyo wa kuuchorea kitu kingine.

Dada alirudi kazini. Mimi nami nikaitwa hospitali kupaka upya mishale, maana ile ya zamani ilikuwa imefifia, watu wanapotea wakitafuta maabara. Nilikuwa juu ya ngazi pale nilipomwona ameitwa kitandani kwa bibi mmoja. Bibi aliongea kwa muda, kwa lugha ile ya wauza nguo wa ng'ambo. Kitu fulani alikirudia. Binti yake, mwanamke wa makamo mwenye mkoba mzuri, alimgeukia dada na uso ule ninaoujua.

Dada aliangalia viganja vyake. Nikajua kinachokuja. Akanyanyua kichwa.

"Sikuelewa," akasema.

"Si wewe ndiye Redio? Wameniambia wewe ndiye unayejua."

"Sikuelewa vizuri, dada yangu. Samahani. Tafuta mtu wa kwao."

Mwanamke alikasirika. Alisema hospitali hii haina hata mtu wa maana. Muuguzi akamkimbilia dereva wa gari la wagonjwa, ambaye huwa anakwenda mpakani. Dereva alikuja, akamsikiliza bibi kidogo, akatabasamu, akamwambia yule mwanamke kwamba mama yake anashukuru sana kwa matunzo. Mwanamke akambusu mama yake kwenye paji la uso, akachukua mkoba wake, akatoka akiwa ametulia. Bibi alimwangalia akitoka mpaka mlangoni.

Nilishuka kwenye ngazi. Dada alikuwa amekwisharudi kwenye ndoo yake, anakamua deki.

"Kweli hukuelewa kitu?" nikamwuliza.

"Nilielewa robo tatu."

"Si ungemwambia hiyo robo tatu?"

Alitandaza deki chini ya kitanda cha jirani, akaivuta, akaitumbukiza tena kwenye maji.

"Ile robo iliyobaki," akasema, "ndiyo aliyokuwa anairudia."